Nkwabi Amezungumza, Kiroba cha Sostenes Kimeonekana

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Geita. Ijumaa, 20 Juni 2025, saa 3:40 asubuhi.
Jina: Lusia Mageni (Mama Ritha). Umri: miaka 38. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: mama lishe machimboni. Makazi: Geita, kwetu ni Didia, Shinyanga.

Kiroba kinachodaiwa kuibwa kipo. Jana saa 10 jioni Mwigulu, anayeendesha karasha la kusaga mawe, aliniambia, "Mama Ritha, hiki hapa," nikakiona kwa macho yangu. Kamba haijafunguliwa. Sikukigusa.

Mnamo tarehe 6 Mei 2025, Sostenes, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, analochimba mdogo wangu Nkwabi, alimtuma apeleke kiroba cha mawe ya dhahabu karashani. Jioni akamuuliza kiko wapi. Nkwabi alimtazama tu. Vijana wakasema, "Anajifanya bubu, mwizi huyu!" Wakampiga, wakamleta polisi. Hapa kituoni iliandikwa kwamba amekataa kujibu. Kesho yake alipatwa na degedege mahabusu, akapelekwa hospitali. Kipimo cha kichwa kilionyesha uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto. Akapewa dhamana, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam.

Huko Dkt. Ibrahimu, bingwa wa upasuaji wa ubongo, alisema uvimbe umekaa jirani na sehemu ya kuzungumzia. Angemwamsha katikati ya upasuaji, amsikie akitaja picha, ajue pa kukata na pa kuacha. Alitaka karibu naye mtu anayejua anavyoongea siku zote. Nikavalishwa gauni na barakoa.

Mnamo tarehe 10 Juni, saa 5 asubuhi, nilikaa upande wa uso wake, pazia likitutenga na daktari. Muuguzi Amira akashika picha. Kiti, alitaja. Kisu, akakwama. Daktari akahamisha chombo chake. "Kisu," akasema. Ikaja ya ng'ombe.

"Ng'ombe gani hana nundu? Huyu wa wapi?"

Chumba kizima kilicheka. Mimi nilipiga kigelegele.

"Dada, taratibu," daktari akasema, "mkono wangu uko ndani."

Nikamuuliza Nkwabi kiroba kiko wapi. Daktari akanikatiza: "Hapa siyo polisi."

Tarehe 13 Juni, wodini, Nkwabi alijibu polepole. Kiroba alikifikisha. Mwigulu alimuuliza ni cha nani. Jina la Sostenes likagoma kutoka, akajigusa kifua. Mwigulu akakiweka kwenye foleni kama cha Nkwabi, kikabaki hapo kumsubiri. Ndiyo maana kila aliyekwenda kuulizia cha Sostenes aliambiwa hakuna. Jana mimi niliulizia cha Nkwabi, nikaonyeshwa.

Daktari anasema ametoa karibu uvimbe wote. Majibu ya kipande cha uvimbe kilichopelekwa maabara bado. Nkwabi ameniagiza: "Dada, mwambie afande nakuja kuongea. Aandae karatasi."

Nimesomewa niliyosema, ni maneno yangu, sina la kupunguza.

(Sahihi) Lusia Mageni

Maelezo yameandikwa nami, Sajenti Bhoke. Kiroba kimechukuliwa kuwa kielelezo. Sostenes ameitwa akitambue Jumatatu, 23 Juni. Nkwabi Mageni ataandikisha maelezo kwa mdomo wake mwenyewe kituoni hapa Jumatano, 9 Julai 2025, saa 4 asubuhi.