Mkongojo Uliotundikwa Kanisani

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Omena, dagaa wangu wa kuuza, haijakauka, imelala tu juu ya neti. Nyumba kumi na moja asubuhi, begi la mjumbe wa afya mgongoni. Nimepima watoto uzito, nimepima wazee presha, nimesema "nenda hospitali" mara nne. Wakiuliza kwa nini, sina jibu la maana. Mguu unauma hadi kwenye nyonga.

Sista Roselida, muuguzi wa zahanati yetu, aliniita kando akanipa fomu. Ufadhili wa masomo kwa watu wenye ulemavu wanaotaka kusomea afya au ustawi wa jamii. Kozi ya cheti, karo yote inalipwa. "Hii ni yako, Mama Lavenda." Nikamwuliza, yangu kwa nini? Akaangalia mguu wangu. Nilikasirika njia nzima hadi Otonglo. Kufika nyumbani nikaanza kucheka peke yangu. Mimi, darasani! Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa tarehe 23.

Jumanne, 6 Mei

Wacha niandike ukweli. Hili ni daftari la zamani la binti yangu Lavenda, yeye yuko Nakuru na kazi yake, hakuna wa kulisoma.

Polio ilinishika nikiwa na miaka mitatu. Nilikua na mkongojo kwapani. Miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye mkutano wa hema, Pasta Zablon aliniombea, nikauangusha, nikatembea kutoka jukwaani hadi kwa wapiga ngoma. Watu walilia. Mkongojo ukatundikwa ukutani nyuma ya mimbari, uko hadi leo. Kila mwaka nasimama chini yake nikishuhudia.

Sikudanganya. Nilitembea. Lakini wiki ya pili nilikuwa nachechemea tena, na sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Anayejua ni fundi wa viatu tu. Ameniwekea raba ya tairi ndani ya kiatu cha kushoto, tabaka tatu.

Sasa fomu inataka daktari athibitishe ulemavu. Inataka muhuri wa chifu. Na inataka kiongozi wa dini aandike kwamba ananijua na anaijua hali yangu. Kwangu huyo ni Pasta Zablon.

Alhamisi, 8 Mei

Chifu amegonga muhuri. Alicheka kwanza. "Wewe ni mlemavu tangu lini? Si uliponywa, hata mimi nilikuwepo?" Foleni yote ikageuka. Nikasema asante, nikaondoka haraka. Kwa kuchechemea.

Jumanne, 13 Mei

Hospitali. Daktari kijana, mpole. Akaniambia nitembee hadi dirishani na kurudi. Nikatembea kama napeleka sadaka madhabahuni, mgongo wima. Mazoezi ya miaka kumi na miwili. "Mama, mbona uko sawa kabisa?" Nikafurahi! Mjinga mimi. Halafu nikakumbuka kilichonipeleka.

Nikavua kiatu. Akakishika, akakigeuza. "Nani alitengeneza hiki?" Fundi wa Otonglo. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akapima miguu. Wa kushoto ni mfupi kwa sentimita nne, na nyonga inalika. Akauliza kama nina mkongojo.

"Ninao."

"Uko wapi?"

"Kanisani."

"Uliusahau?"

"Hapana, daktari. Umetundikwa."

Alicheka hadi akavua miwani. Mimi pia nikacheka. Amejaza fomu yote. Amesema nikiendelea hivi bila kujishikilia, baada ya miaka michache hata nyumba moja sitaifikia. Hapo sikucheka.

Ijumaa, 16 Mei

Nilimwambia Awuor, tunauza naye omena meza moja. Yeye ni nyar Usenge, binti wa huko, na binamu yake ni mchungaji huko huko. Eti twende kesho kununua omena, binamu aweke sahihi, mambo kwisha. "Fomu imesema kiongozi wa dini. Imesema Zablon?" Nikamwambia huyo hanijui. Akasema atanijua kesho, tutamnunulia chai kabisa.

Nimeomba. Mungu amenyamaza. Mahali pa kusaini bado ni peupe.

Jumamosi, 17 Mei

Usenge. Omena nzuri, kavu, inang'aa. Nyumba ya binamu ina geti la bluu. Nilisimama pale nikasoma fomu tena. Inauliza amenifahamu kwa muda gani. Awuor akasema, "Mwambie aandike miaka kumi." Nikaikunja nikairudisha begini. Kuficha jambo moja kumenitosha. Awuor amenikasirikia hadi Bondo, kisha njaa ikamshinda tukala mandazi.

Jumapili, 18 Mei

Leo kulikuwa na wageni kutoka Milimani, wazee wa kanisa na magari yao. Pasta akasimama chini ya mkongojo, akaita, "Mama Lavenda yuko wapi aje awaeleze?" Nilikuwa chooni. Nilikaa chooni wimbo mzima wa sadaka na beti za ziada. Mama mzima, mjumbe wa afya! Nzi walinijua kwa jina.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta Pasta akipaka rangi viti vya watoto. Nikasema yote, bila kupumzika, nikamwekea fomu juu ya kopo la rangi. Aliweka brashi chini. Halafu, "Nimehubiri huo mguu hadi Usenge, mama. Sasa niandike nini?" Nikamwambia aandike anachokiona. Nikavua kiatu. Nikatembea mbele yake kama ninavyotembea nyumbani, mguu ukivutwa.

Akageuza uso. Akasema nimwachie fomu, aombe.

Sina hasira. Nina hofu. Zimebaki siku mbili.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna neno. Nilipita kanisani mara mbili nikijifanya natafuta kuku. Sina kuku. Mlango umefungwa.

Ijumaa, 23 Mei

Saa mbili asubuhi, soko limejaa. Nasikia Awuor, "Uwi! Angalia huyo!" Pasta Zablon anakuja katikati ya meza, mkongojo begani, jicho moja limevimba limefunga kabisa. Nyigu. Walikuwa wamejenga kwenye kile kipande cha kushikia, kumbe tumeimba chini yao miaka yote.

Soko zima likaacha kuuza. Hata wauza nyanya.

Akaniwekea mkongojo mkononi. Kisha akasaini fomu juu ya beseni langu la omena. Alijaza nafasi, akapita mstari. Nimeyasoma maneno yake mara nyingi, nayaandika hapa yasipotee: "Ninamfahamu kwa miaka kumi na tano. Mguu wake wa kushoto ni mfupi na unamuuma. Kwa mguu huo anatembelea nyumba za mtaa mzima. Mimi niliusifu mkongojo kuliko mwenye mkongojo."

Nikachukua maji baridi na kitambaa, nikamkanda jicho. Akauliza, "Jumapili utashuhudia wewe au mimi?"

"Wewe, Pasta."

Awuor alikimbia na fomu kwa bodaboda. Imefika saa tano. Inanuka omena, lakini imefika.

Jumapili, 25 Mei

Nimeingia kanisani na mkongojo. Ukutani pamebaki alama ya rangi safi, umbo lake lote. Pasta alishuhudia kwa jicho moja. Alisema nilitembea siku ile kweli, na kwamba niliumia baadaye kweli, na kwamba yeye hakuwahi kuniuliza. Nikataka ardhi inimeze. Ndipo Dani Dorsila, bibi yetu mkongwe kuliko wote, akasema kwa sauti kutoka benchi la mbele, "Sasa huyu mtoto apewe kiti basi! Kila mwaka mnamsimamisha!" Kanisa lote likacheka. Nikaletewa kiti.

Baada ya ibada mama mmoja wa kwaya alinishika mkono. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, masikio yake hayasikii vizuri, wamekuwa wakisema ni mkaidi tu. Anapenda kazi ya maabara. Akauliza fomu inapatikana wapi. Nitampeleka kwa Sista Roselida kesho.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata ufadhili. Nimepata! Ero kamano, Nyasaye, asante Mungu! Awuor amepiga kelele hadi mteja akaacha chenji yake.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya kwanza. Nimekaa karibu na mlango. Mkongojo nimeuweka chini ya kiti, una raba mpya, fundi amekataa kulipwa. Nyonga leo haijalalamika sana.

Mwalimu ni wa umri wa Lavenda. Wanafunzi wengine wananiita Mathee, yaani mama, na wananiombea nafasi kwenye foleni ya chai. Nimeandika kurasa sita. Sehemu nyingine sijaelewa, nitasoma tena.

Kabla hatujatoka mwalimu akauliza nani amewahi kumwona mgonjwa wa polio. Wanatazamana. Watoto wa juzi hawa, wataona wapi.

Nikainua mkono.