Jogoo wa Mguu Mmoja

Solingen, 4 Februari 1953

Mwanangu Irmgard,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kifua bado kinanisumbua. Ni vumbi la mawe ya kunolea, halina dawa. Wewe hujambo? Huko Munich unakula?

Nina ombi. Upanga wa ukoo uliungua pamoja na nyumba wakati wa mabomu, unajua. Sasa fundi mwenzangu Ommerborn ananicheka kilabuni, eti sisi tangu zamani ni watu wa visu vya mkate tu, na alama yetu ya jogoo nimeitunga mwenyewe. Wewe unasafisha panga za makumbusho kila siku. Nitafutie mmoja tu wenye alama yetu: jogoo wa mguu mmoja. Mguu wa pili ulivunjika kwenye chuma cha kugongea alama, na babu yetu wa kale Klemens alikuwa bahili mno kuchonga kingine. Nataka nijue jogoo huyo alikuwepo kweli kabla pumzi haijaniishia.

Baba yako

Munich, 19 Mei 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai kifua kimepata nafuu. Mimi sijambo, na ninakula, usihofu.

Samahani nimechelewa, sikujua nikuambie vipi. Nimempata jogoo. Lakini upanga wenyewe umeandikwa kwenye ubapa jina la fundi wa Toledo, ule mji wa Hispania unaosifika kwa panga, na hapa wote wanauita wa Kihispania. Nilipoung'oa mpini ili nitoe kutu, jogoo alikuwa pale kwenye kichuma kinachozama ndani ya mpini, na mguu wake mmoja.

Baba, babu alikuwa mghushi. Mkuu wangu anataka kubadilisha kibao cha maelezo. Nimemwomba asubiri nikuulize kwanza, maana Ommerborn atasikia. Nimekuwekea chapa ya nta ya jogoo huyo ndani ya bahasha.

Binti yako Irmgard

Solingen, 10 Juni 1953

Mwanangu,

Salamu. Kifua ni kilekile. Nimecheka mpaka nikakohoa. Mghushi? Hapa nani hakuandika Toledo? Wateja walitaka Toledo, wakapewa Toledo. Lakini chini ya mpini mnunuzi hafiki, anafika fundi mwenzake tu. Pale babu alisema kweli. Badilisheni kibao.

Jumapili nilikaa na ile nta mezani, mbele ya mkate wa zabibu na wali wa maziwa, vile marehemu mama yako alivyokuwa akiandaa. Nikakukumbuka ulivyokuwa mdogo, umekaa dirishani pa karakana kule mtoni, ukinitajia alama za visu kabla hujajua kusoma. Nililia kidogo. Ommerborn sikumwonyesha, hamu ya kumkomoa ilikuwa imeniisha.

Jumatatu nikaenda ofisi inayosajili alama za mafundi. Kwetu jogoo hurithiwa na mtoto wa kiume, na mimi sina, kwa hiyo siku zote nilijua atakufa nami. Nikamwambia karani aandike jina lako.

Akaniuliza, "Mzee, huyo binti anatengeneza nini?"

Nikamjibu, "Hatengenezi kitu. Ndiye aliyemtambua jogoo."

Baba yako