Madirisha ya Chumba cha Kumenyea

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Tangu Maulidi sijaandika neno hapa. Ni uvivu tu, sina la kuupamba. Kurasa hizi ziniwie radhi. Leo nimerudi kwa sababu naogopa, na tangu mke wangu afariki hakuna wa kumwambia.

Bi Salima anakohoa. Amekohoa mwezi mzima na zaidi, nasi sote tukasema ni vumbi la korosho. Katika banda langu kila mwanamke hukohoa; lile ganda jembamba la ndani likimenywa huruka na kuingia puani. Hata mimi nikiingia hukohoa. Basi kikohozi chake kikajificha ndani ya vikohozi vya wenzake. Lakini leo aligeuza uso, akatemea pembe ya kanga, akaikunja upesi. Si upesi wa kutosha. Niliona damu.

Chumba cha kumenyea kina madirisha manne, na yote hufungwa. Wanawake wenyewe huyafunga, maana upepo hupeperusha maganda na kuwaharibia kazi. Wanakaa mkekani goti kwa goti. Ubavuni mwa Bi Salima hukaa Subira, binti wa marehemu dada yangu, na mgongoni kwake mtoto wake mchanga, Nasra.

Banda ni langu. Nililifungua nilipostaafu ualimu, ili wanawake wa hapa Kibiti wapate kazi. Hewa wanayovuta mle ndani nimewapa mimi.

Jumatano, 13 Novemba

Ni kifua kikuu.

Jana nilimpeleka, leo tumepewa majibu ya makohozi. Tabibu ni kijana, anaitwa Saidy. Alisema sote “tufanyiwe skrini-ing”, yaani uchunguzi. Siku nyingine ningemsahihisha! Leo nilisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Bi Salima aanze dawa, akae nyumbani mpaka yeye tabibu amruhusu kurudi. Nafasi yake isipewe mtu, na ujira wake usikatwe, kwa kuwa mfanyakazi akijua kikohozi kitamnyima chakula atakificha. Madirisha yawe wazi kutwa. Mikeka itengane. Wote wapimwe, na watoto wachanga watangulie. Hapo akashusha sauti: Mzee wangu, kwa mtoto mchanga ugonjwa huu haukawii.

Nje Bi Salima alinishika mkono. “Mwalimu, usinitaje. Mwanangu Abdala yuko Nyamisati anakata nguzo za mikoko, harudi hadi wiki ijayo. Akiyasikia sokoni kabla hajayasikia kwangu, ndani kwangu haingii tena.”

Nilimwapia. Ulimi ulitangulia akili — nilimwapia kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku mbaya.

Asubuhi nilifungua madirisha yote manne kwa mkono wangu. Upepo wa vuli ukaingia, maganda yakajaa chumba. Mwanajuma, ambaye hakuna neno linalompita, akapiga kelele: “Mwalimu, leo tunamenya korosho au tunafukuza nzige?” Wakacheka mpaka wakainamiana. Barakoa nilizowanunulia zinaning’inia videvuni. Mwanajuma yake amechujia tui.

Nikatenganisha mikeka. Wakanuna. Nikaleta sahani, kila mmoja na yake, badala ya sinia moja. Hapo vicheko vikaisha. “Tumekuwa paka sasa,” alisema Mwanajuma, “kila mtu na kibakuli chake?”

Nilikuwa nimewaambia kwamba Bi Salima anapumzika. Wao walisikia: amefukuzwa kwa uzee wake. Na kwa watu wa huku, mwenzako akitengwa hukai mbali naye ukatazama. Unakwenda kula naye.

Adhuhuri walipakua wali wote kwenye sinia, wakajitwika, wakaenda nalo kwa Bi Salima. Wote! Mvua ilikuwa inanyesha, wakafunga mlango. Wakala naye kwa mkono katika chumba kimoja, wakaimba, wakakaa hadi alasiri, ili mimi nione haya. Subira alikuwamo. Nasra alikuwamo.

Bi Salima hakusema kitu. Angesemaje? Walikuwa wamemletea heshima hadi mlangoni.

Niliambiwa nikiwa bandani. Nilikaa juu ya gunia.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimetoka msikitini na sikusikia neno la hotuba.

Niliwakusanya kabla ya swala. Niliwaambia mmoja wetu ana kifua kikuu, Jumatatu gari la upimaji litakuja, sote tutapimwa, mimi wa kwanza.

Mwanajuma: “Nani?”

Sitamtaja, nilisema.

“Basi hayupo.”

Akanikumbusha ghala la Mudrick, barabarani, ambako nako humenywa korosho. Mwaka jana waliokohoa kule walipelekwa kupimwa. Waliporudi, walikuta wageni wamekalia mikeka yao. “Nawe umeanza na kibibi wa watu. Utatumaliza mmoja mmoja.” Nilisema ujira wa Bi Salima unaendelea. Walitazamana. Hakuna aliyeamini. Wakasema nikishikilia habari ya gari, wao watakwenda huko huko kwa Mudrick. Ghala lile lilijengwa kwa ajili ya saruji. Halina dirisha hata moja.

Nilipotoka waliyafunga madirisha. Niliyasikia, moja baada ya jingine.

Jumamosi, 16 Novemba

Nasra ana homa. Anakohoa.

Subira amekuja sasa hivi. Shikamoo, mjomba. Marahaba. Akasema nilikuwa na haki kuyafungua madirisha, mtoto hafai kukaa katika vumbi lile. Nilishukuru Mungu moyoni — mapema mno!

“Kwa hiyo nakwenda kumwacha kwa Bi Salima. Yuko nyumbani tu, mlango umefungwa, vumbi hakuna. Atalala naye pale, nami nitakuwa nakwenda kumnyonyesha, mpaka kifua kitulie.”

Bi Salima amekubali? niliuliza.

“Sijamwambia. Atakataaje? Hapa mtaani nani hakulelewa naye?”

Usimpeleke, nilisema.

“Kwa nini?”

Nikamwambia twende hospitali, gari nitalikodi mimi. Akasema kwanza nimjibu. Nikamwambia basi amwache kwangu. Akacheka: “Wewe, mjomba? Hata kumfunga nepi hujui!” Halafu kicheko kikaondoka usoni pake, akanitazama kama anavyotazama mtu anayesoma maandishi madogo. Akauliza tena, polepole, kwa nini asiende kwa Bi Salima.

Kabla sijajibu, adhana ya alasiri ililia. Alisema ataswali barazani, na akitoa salamu anataka jibu langu, la sivyo anakwenda zake.

Anaswali sasa. Nami ilinipasa niwe nimesimama kuswali, lakini nimeshika kalamu. Nikinyamaza, atampeleka. Nikisema neno lolote, nimemtaja. Salima hana mwingine ila Abdala. Nasra hajaota hata jino.

Amelala mkekani kando ya mama yake. Anakohoa — kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu asiyejua bado kukohoa.

Subira yuko rakaa ya tatu. Nitakapokuwa nimeamua, nitaandika hapa nilichoamua, hata kama kitaniaibisha.

Amekaa tahiyatu ya mwisho; imebaki salamu tu.