Alama Tatu za Patasi

Jumatatu, 4 Agosti
Kutoka Mafiga mpaka Dumila hakuna fundi wa kunigusa kwenye randa. Malaika wakitaka viti watanipigia simu mimi. Shule niliishia la saba, lakini mbao haiulizi cheti.

Leo benchi tano. Kanisa la misheni huku juu ya Mlali ni la zamani kweli: kuta za mawe, matao, kiti cha kitubio cha mbao za mninga, chenye kidirisha cha matundu. Padre anataka benchi zote ziwe laini kufikia Jumapili. Atazipata mapema.

Jumanne, 5 Agosti
Bibi Koleta amekuja. Haoni. Amechovya kidole kwenye maji ya baraka mlangoni, akapapasa benchi za wanawake moja moja mpaka akafika ya kwake. Ubavuni ina alama tatu za patasi. Benchi zote hizi alizitengeneza marehemu mumewe. Macho ya bibi yalipozimika, akamwekea alama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu mpya. Randa yako isipite hapa."

"Sipagusi, bibi. Haki ya Mungu."

"Ukipagusa, sikupikii!"

Nimecheka mpaka basi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimetoa benchi zote nje. Kwaya wanafanya mazoezi, wasichana wanachungulia dirishani. Nikaongeza mwendo. Benchi tisa kwa siku. Nani mwingine?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimezirudisha ndani. Nikapapasa mbavu za benchi za wanawake. Laini. Nikapapasa za wanaume. Laini.

Sikula.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimechonga alama tatu mpya, nikasugua msasa, nikapaka mafuta. Kazi safi. Mwenye macho hawezi kujua.

Jumamosi, 9 Agosti
Bibi kaja. Kidole kimepita mara moja tu.

"Hizi si zake."

Nikasema mchwa walikula ubavu, ikabidi niweke mbao nyingine. Akasema, "Pole na kazi, mjukuu wangu." Akashukuru.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisa limejaa. Padre amenisifu kutoka mimbarini, wakapiga makofi. Bibi alikaa nyuma kabisa, karibu na kisima cha ubatizo. Mikono mapajani. Hakupapasa kitu.

Hapakuwa na mchwa. Aliniomba, nikaapa, nikazifuta zile alama mwenyewe nikiwaringia wasichana.