Bakuli Lililozama Kabla ya Wakati

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha polisi cha Lango la Mtoni, chumba kilicho nyuma ya mahabusu
Tarehe: 22 ya mwezi wa nane, mwaka wa sita wa vita
Muda wa kuanza: saa mbili na robo asubuhi
Shahidi: Mzee ajulikanaye kwa kazi yake, Mpiga Baragumu
Umri: Miaka sabini na minne
Kazi: Kupiga baragumu la saa ya sala katika mnara wa kivukoni, mwalimu wa dini
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya karakana ya wafua shaba

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Mkaguzi amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba onyo hilo nalijua tangu nilipokuwa na miaka saba, na aliyenipa ana cheo kikubwa kuliko chake. Ameniambia nisimletee mahubiri ofisini. Naomba hilo nalo liandikwe.

Kazi yangu ni hii. Kila siku jua likifika utosini, hupiga baragumu mara moja, na majeshi yote mawili huweka silaha chini. Askari wetu hushuka mtoni upande huu, na wale wa ng'ambo hushuka upande wao, wakanawa na kusali. Fisi wa vita, ambao askari wetu huwapanda, hufungwa midomo kwa mikanda ya ngozi, kwa kuwa kicheko cha fisi ndani ya saa ya sala ni haramu kwa pande zote mbili. Nikishapiga, huliweka bakuli la shaba juu ya maji ya beseni ili lielee. Chini yake lina tundu jembamba. Maji huingia polepole, na bakuli likizama, saa imekwisha. Hupiga mara mbili, na kila mtu hurudi kwenye silaha yake.

Bakuli likiwa linaelea, mimi husoma uradi mmoja na kuurudia, nikihesabu kwa tasbihi ya punje sabini. Kwa miaka thelathini na moja, tangu kabla ya vita, bakuli limezama nikiwa kwenye punje ya sabini, au likapishana nayo kwa punje moja au mbili.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mzee mwenzangu aliyewaongoza watu wake katika sala. Tulitukanana kila siku kwa miaka minne. Yeye akishaingia majini, hunipigia kelele, "Wewe! Hilo baragumu unalipiga au linakupiga?" Nami humjibu, "Sugua hiyo miguu vizuri, samaki wamekuja kunilalamikia!" Watu wa pande zote mbili walicheka, kisha tukasali. Mkaguzi ameniuliza iwapo huo haukuwa urafiki na adui. Nimemwambia jina lake sikulijua. Nilichokijua ni kikohozi chake.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, saa tatu asubuhi, niliitwa kwenye Baraza kufungua kikao kwa dua. Malkia alitangaza kwamba tarehe 22, yaani leo, angetia muhuri mkataba wa amani. Waziri wa Vita alisimama na kusema, "Na mimi nitafanya nini baada ya hapo, nifuge kuku?" Wajumbe walicheka. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimekaa umbali wa viti viwili kutoka kwake.

Tarehe 16, baada ya sala ya alasiri, mkwe wangu alikuja mnarani. Yeye ni mfua shaba, mume wa binti yangu wa pekee. Aliniambia, "Baba, bakuli lako limebonyea ukingoni. Nipe nikalinyooshe, kesho asubuhi unalo." Sikuwa nimeona kubonyea kokote, lakini macho yangu si ya kutegemewa tena, nami nilifurahi kwamba kijana ananijali. Alilirudisha asubuhi kama alivyoahidi. Tarehe 17 na 18 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, na hapakuwa na mapigano wala baragumu.

Mnamo tarehe 19, kama saa sita mchana, jua likiwa bado laonekana, nilipiga mara moja na kuliweka bakuli majini. Muda mfupi baadaye kikosi cha wahandisi upande wetu kiliwasha magugu mabichi kwenye handaki, na moshi ukalifunika jua lote. Nilikerwa na moshi huo. Sikujiuliza ni nani asiyetaka tuone jua limefika wapi.

Nilipokuwa kwenye punje ya thelathini, nilisikia fisi akicheka. Nilitazama chini. Kikosi cha wapanda fisi kilikuwa kimejipanga nyuma ya ukuta, fisi wametandikwa, midomo yao wazi. Nilipaswa kupaza sauti. Niliona ni aibu kukatiza uradi kwa ajili ya mnyama, nikaendelea kusoma.

Nilipokuwa kwenye punje ya arobaini na tatu, bakuli lilizama.

Naomba Mkaguzi aandike sehemu hii bila kufupisha. Niliitazama tasbihi, nikalitazama bakuli. Kimoja kati ya viwili hivyo kilikuwa kinasema uongo. Bakuli ni chombo, na mimi ni mzee mwenye ganzi vidoleni, niliyewahi kusinzia kwenye sajda. Nikasema moyoni, "Umeruka punje ishirini na saba, na hata hujui." Nilijiona mnyenyekevu kwa kujishuku. Nikapiga mara mbili.

Mzee wa ng'ambo alikuwa majini hadi magotini. Aliinua kichwa akaniita, "We mpiga baragumu! Leo una haraka ya kwenda wapi?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Zamu ya kujibu ilikuwa yangu, na sikujibu.

Fisi walifika majini kabla mwangwi haujaisha. Wengi wa wale watu walikuwa wamepiga magoti. Silaha zao zilikuwa zimeegemezwa kwenye mawe, hatua arobaini juu ya ukingo. Waliojaribu kukimbia waliteleza kwenye tope. Niliona mtu akijikinga kwa mkeka wake wa kusalia. Yule mzee alishikwa shingoni na fisi mwenye hatamu nyekundu, akaburutwa hadi kwenye mawe, akatupwa hapo. Waliuawa watu mia mbili na kumi na mmoja. Kwa hesabu yangu ya tasbihi, mauaji hayo hayakuchukua zaidi ya punje kumi.

Saa tisa alasiri siku hiyo hiyo, waliouawa walisimama.

Mkaguzi amesema hili lisiandikwe kwa kuwa kila mtu ameliona. Nimesema liandikwe. Vitabu vyetu, ambavyo nimevifundisha mjini humu kwa nusu ya umri wangu, vinasema kwamba anayeuawa ndani ya saa ya sala halali chini. Hunyanyuka, akasimama alipoangukia, akiuelekea mji wa aliyemwua, mpaka waliokata saa ile waseme kweli mbele ya mwenye mamlaka, iandikwe na kutiwa sahihi. Kila mmoja wao anapolisema lake, walio juu ya shingo yake, yaani wale ambao damu yao inamdai yeye, huketi. Sikuwahi kuona jambo hilo. Sasa wapo pale mtoni, wengi wao maji yakiwapita miguuni, macho wazi. Askari wetu wamewakata kwa mapanga na hawaanguki. Fisi hawataki kuwasogelea.

Jioni hiyo Waziri wa Vita alitangaza sokoni kwamba saa ilikuwa imekwisha kihalali, na kwamba adui ndiye aliyeshika silaha kwanza. Watu walitazama mtoni, wakatazamana. Tarehe 20 asubuhi, wapiga mbiu wake walitangaza jambo jingine: kwamba mpiga baragumu alisinzia.

Kufikia saa nne mlango wangu ulikuwa umepigwa mawe. Muuza mkaa, ambaye nilimfundisha kusoma, aliniita mchinja wasalio. Jirani yangu, mjane ambaye mwanawe yuko vitani, alinitemea mate kifuani na kusema, "Mkataba umekufa kwa usingizi wako. Mwanangu akirudi kwenye jeneza, wewe ndiye utakayemwosha." Sikujifuta. Nilidhani ana haki.

Nilipanda mnarani kulichukua bakuli ili nilirudishe Barazani, kwa kuwa sikustahili tena kuwa nalo. Kila wiki mimi husafisha tundu lake kwa sindano ya kushonea mikeka, na sindano hiyo hupita kwa kubana. Niliipitisha kwa mazoea tu. Ilipita bila kugusa popote. Nikatafuta msharasi wa kushonea viatu, nao ukapita. Niliyakuna maeneo ya tundu kwa ukucha. Palikuwa pamepakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta, na chini ya masizi shaba ilikuwa inang'aa, mpya. Hiyo si kazi ya mtu asiyeijua shaba.

Tarehe 21, saa mbili asubuhi, niliingia karakana ya mkwe wangu. Alikuwa amesimama kando ya fuawe, na binti yangu alikuwa ameketi mlangoni akimnyonyesha mtoto. Niliweka bakuli juu ya fuawe. Hakuligusa.

Nilimwuliza, "Nani alikutuma?"

Akasema, "Baba, usiniulize swali ambalo jibu lake litatuua wote wawili."

Nikamwambia, "Wapo mia mbili na kumi na mmoja waliotangulia."

Hapo alighadhibika. Alisema, "Wewe unakaa juu mnarani na tasbihi yako! Ungepangiwa wewe kutembea mbele ya fisi, ungetoboa hata ndoo ya mama yako! Waliniambia ni kufupisha saa tu, askari warudi kazini mapema. Katibu wa Waziri alikuja mwenyewe, akakaa hapo ulipo. Nilikuwa kwenye orodha ya kikosi cha mbele, Baba. Kikosi cha mbele hakirudi."

Binti yangu akasema, "Baba, sema ulisinzia. Nani atakulaumu? Watakuita kikongwe, basi. Wewe umeshaishi. Hawa wanangu wanamhitaji baba yao."

Mkaguzi ameniuliza nilimjibu nini. Nilimwambia, "Mwanangu, wale watu wamesimama."

Aliendelea kunyonyesha mpaka mtoto akaachia ziwa. Kisha akanipa mtoto nimshike, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa. Hakumtazama mumewe. Aliniambia, "Ichukue upesi, kabla sijabadili nia." Ilikuwa hati ya kumwondoa mkwe wangu katika kikosi cha mbele, yenye muhuri wa Waziri wa Vita, ya tarehe 16. Mkwe wangu aliketi sakafuni na kujifunika uso kwa aproni yake. Hakujaribu kuninyang'anya.

Nimeikabidhi hati hiyo kwa Mkaguzi leo pamoja na bakuli. Najua kwamba adhabu ya mkwe wangu ni kitanzi. Ni mimi niliyemwozesha binti yangu kwake, na ni mimi ninayemfanya mjane. Naomba binti yangu asisumbuliwe.

Leo nilipofika hapa, Mkaguzi alinisomea maelezo yaliyokuwa yamekwisha kuandikwa, yenye mistari sita, yanayosema kwamba nilisinzia kwa sababu ya uzee. Alisema, "Tia sahihi, Mzee, uende zako ukafie kitandani." Nilikataa. Akasema, "Unajua unayemtaja? Mimi nina watoto." Nikamwambia mimi nina wajukuu, na baba yao nimemtaja pia. Akasema mzee anayeshindwa kuhesabu punje zake hawezi kumshtaki Waziri. Ndipo nikamwomba ndoo ya maji.

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alimwagiza koplo ailete ile ya kuoshea mahabusu. Mkaguzi aliweka bakuli majini kwa mkono wake mwenyewe, nami nikasoma kwa sauti, bila haraka, kama nisomavyo mnarani. Alikuwa akinitazama vidoleni. Lilipozama sikumwambia ni punje ya ngapi. Nilimwuliza yeye.

Sikusinzia. Lakini nilimsikia fisi nikanyamaza, na nilikuwa na ushahidi mkononi nikaukana kwa kujiona mnyenyekevu. Mfua shaba alitoboa bakuli. Waziri alitoboa mfua shaba. Pumzi iliyopuliza baragumu ilikuwa yangu, wala hakuna aliyenisukuma. Nayasema haya nikiwa na akili timamu. Nimesomewa neno kwa neno, sikuongeza kwa chuki wala kupunguza kwa hofu, na mbele ya Mwenyezi Mungu nitayarudia vivi hivi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wake)
Muda: saa tano na dakika ishirini asubuhi

MAELEZO YA MKAGUZI

Nimeandika maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi. Shahidi ni mkaidi, ana maneno ya kuudhi, na alikataa kiti. Hakuahidiwa chochote.

Kielelezo cha kwanza, bakuli la shaba: kimefungwa kwa lakiri. Kielelezo cha pili, hati yenye muhuri: vivyo hivyo. Mfua shaba alijisalimisha mwenyewe kituoni saa nne na nusu, naye anasubiri kuandikisha maelezo yake.

Kuhusu jaribio la ndoo: nilihesabu. Ni arobaini na tatu.

Nyongeza, saa sita kasorobo: mlinzi wa zamu mtoni amekuja mbio kutoa taarifa, nami nimekwenda kuhakikisha kwa macho yangu. Mia mbili na kumi wamesimama bado. Mmoja, mzee, aliyekuwa kwenye mawe, ameketi.

Naomba kibali cha kumwita Waziri wa Vita ili naye aandikishe maelezo.