Jina la Mwenye Nyumba Wangu

Gisenyi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limekupa nafuu na siku hizi unaswali bila kukalia kiti. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia, na sitaki haya uyasikie kwa mtu mwingine.

Mwenye nyumba wangu, yule niliyekusimulia alivyonipokea vizuri nilipokuja kuanza kazi ya uuguzi huku, Ijumaa moja alimleta mkewe, Mama Aline, hospitalini kwetu. Mkono umevunjika, jicho limevimba hadi limefumba. Mimi ndiye niliyekuwa mapokezi. Kabla mkewe hajafungua mdomo, yeye akajibu.

"Aliteleza ku duche akioga. Andika tu ivo, jirani."

Kwetu majeruhi huulizwa peke yake ni nani aliyemuumiza. Nikamwomba mume atoke. Akacheka. "Hata mi?"

"Hata wewe, Baba Aline."

Alipotoka, mkewe alibaki kuutazama mlango.

"Ukiandika, we utalala wapi?"

Mama, yeye ndiye aliyevunjwa mkono, na bado ananiwazia mimi! Nikamwambia pa kulala sitakosa. Ndipo akasema, "Ni yeye. Alinipiga na chuma ya kufungia mulango. Na haiko mara ya kwanza."

Nikaandika jina la mtu anayenikaribisha chai kila Jumapili. Niliandika yote.

Mume alichukuliwa na polisi akahojiwa, na sasa yuko nyumbani anasubiri kesi. Mama Aline yuko kwa kaka yake Kanzenze, anaendelea kupona. Kwa hilo nashukuru.

Ila mimi bado naishi ua mmoja na mumewe. Tangu arudi hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Kila asubuhi ni upole mtupu: "Muganga, umeamkaje?" Juzi akaongeza, "Ulimuandikia bibi yangu muzuri sana. Iko na muandiko muzuri." Akaendelea kumwagilia maua yake.

Tangu wiki iliyopita kuna kufuli jipya getini. Wapangaji wenzangu wamepewa funguo. Wangu, anasema, bado unachongwa. Kwa hiyo nikitoka kazini nagonga, nasikia ndara zake zinakuja taratibu, na ananifungulia mwenyewe. Hanipishi mpaka nimsalimie.

Muuguzi mwenzangu amenipa nafasi kwake, upande wa Nyundo. Jumamosi nahama, na watakuja watatu kunisaidia kubeba. Niombee dua tu mpaka siku hiyo. Na ukiniuliza kama ningeliandika tena jina lile, ningeliandika.

Nisalimie baba, na mjomba wa dukani, na bibi mzaa baba umwambie kitenge chake nimekipata. Na Rehema, mdogo wangu, asije likizo hii. Usimwambie sababu. Mwambie chumba changu ni kidogo.

Wako akupendaye,
binti yako Zuhura