Mwenyeji Wangu wa Kasulu

Dada Asumini,

Nakusalimu kutoka Kasulu. Mvua haikatiki, na mgongo unaniuma kwa kuchimba mitaro ya barabara, ila mzima.

Juzi asubuhi mgambo waliingia nyumba ya wageni ninapolala, wakitafuta watu waliovuka kutoka Burundi. Kitambulisho changu kilipotea njiani. Mmoja akaniuliza, "Mwenyeji wako nani?"

"Mwenyeji wa nini? Nimelipia chumba."

"Basi utajieleza kambi ya wakimbizi. Panda gari."

Mama Nyabenda, mwenye nyumba, akatoka jikoni na mwiko wa ugali wa muhogo. "Gari lenu lina njaa? Huyo mgeni wangu. Akiharibu, mje mnifunge mimi." Wanamjua. Wakaniacha.

Nikamwambia, "Mama, hata kwetu hukujui."

Akanipakulia ugali na dagaa. Alisema babu yake alikuwa akilaza wachukuzi wa chumvi kutoka Uvinza. Watu wa misafara walimwita mwenyeji, yaani mwenye mji, na mji wakati huo ulikuwa boma la mtu na watu wake. Ukilala kwake, kosa lako lilikuwa lake, na aliyekugusa wewe alikuwa amemgusa yeye.

"Hela uliyotoa ni ya godoro," akasema. "Hilo lingine haliuzwi, mwanangu. Kula."

Nipakatie watoto. Na mwambie mama asiulize tena nani atanizika nikifia ugenini. Yupo.

Mdogo wako,
Selemani